Mashine Inazungumza Kiswahili cha Nani?

Tamka namba za Kiswahili taratibu, kuanzia moja hadi tisa. Zote zina silabi mbili, hata nne, ambayo n yake ya mwanzo ni silabi kamili. Sasa zisikilize kama mtoto aliyevishwa hedifoni, sikio la kulia likiambiwa sita na la kushoto likiambiwa tisa kwa mpigo mmoja. Sita na tisa zimebadilishana konsonanti tu. Tatu na tano zinaanza sawa. Nne na nane zinaishia sawa. Mtoto anatakiwa arudie namba zote alizosikia, za kulia na za kushoto, na mtu aliyeketi mbele yake anaweka alama.

Kipimo cha namna hii hutumika kuchunguza jinsi ubongo unavyochakata sauti. Doris Kimura, mwanasaikolojia wa Kanada, alichapisha kazi yake ya kusikilizisha watu namba mbili kwa masikio mawili mwaka 1961. Mwaka 1983 Frank Musiek wa Marekani alikiweka katika sura ya kliniki ambayo bado inatumika. Namba zilipendwa kwa sababu karibu kila mtoto anazijua. Kwa Kiingereza, namba kutoka moja hadi kumi ni za silabi moja isipokuwa saba, kwa hiyo saba iliachwa nje ili urefu wa neno usimpe mtoto fununu. Uangalifu ulikuwa mkubwa kiasi hicho, lakini ulikuwa uangalifu wa lugha moja, katika matamshi ya mahali pamoja.

Mimi ni mwalimu wa watoto wenye mahitaji maalumu magharibi mwa Uganda. Kiswahili ndiyo lugha niliyokulia, kwa hiyo huitwa kukalimani watoto wa wakimbizi wanapopelekwa kupimwa usikivu. Nilizaliwa West Nile, baba yangu akiwa askari, na Kiswahili chetu kilikuwa cha kambini, kile ambacho wanajeshi wa nchi hii wamekuwa wakikisema tangu enzi za KAR, jeshi la wakoloni wa Kiingereza. Watu wa nje wakisikia "Kiswahili cha Uganda" hudhani ni kimoja. Nenda Busia uone kinavyofanana na cha ng'ambo ya pili, Kenya. Nenda Mutukula utasikia Tanzania. Kampala, kwenye soko na stendi, kimechanganyika na Luganda. Na ukifika kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Kyaka II au Kyangwali, kwa sehemu kubwa utakuwa unasikiliza Kiswahili cha Kongo, cha Kivu na Ituri, kilichokuja na watu waliokimbia vita. Idi Amin alikitangaza Kiswahili lugha ya taifa mwaka 1973. Katiba iliporekebishwa mwaka 2005 kikawa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Kwenye nyaraka zote hizo kina jina moja.

Tuelewane kwanza kuhusu tatizo lenyewe, la uchakataji wa sauti, maana wazazi wengi hawajawahi kulisikia. Kuna mtoto ambaye masikio yake ni mazima. Ukimpigia milio mmoja mmoja kwenye chumba kimya anaisikia yote, midogo kwa mikubwa. Lakini darasani, watoto wenzake wakipiga kelele, maneno ya mwalimu yanamfikia yamekatikakatika. Anaomba arudiwe. Anaandika neno lingine. Ukimpa maagizo matatu kwa pamoja anafanya moja. Wataalamu wanasema hapo shida iko kwenye njia ya kutoka sikioni hadi kwenye ubongo, na katika ubongo wenyewe. Ndiyo maana huanza kwa kuondoa sababu nyepesi: nta, usaha wa sikio, usikivu uliopungua baada ya homa ya uti wa mgongo au dawa kali. Vilevile husubiri mtoto afikishe miaka 7 hivi kabla ya vipimo vingi vya uchakataji, kwa sababu chini ya hapo majibu hubadilika sana kutoka mtoto hadi mtoto.

Vipimo vyenyewe vingi hufanya kazi kwa kuharibu usemi makusudi. Kimoja huchuja sauti nyembamba za juu hadi neno lisikike kama linasemwa nyuma ya ukuta. Kingine huongeza watu wanaoongea nyuma yake. Kingine huharakisha maneno. Usemi wa kawaida una ziada nyingi: ukikosa konsonanti moja, sauti jirani na maana ya sentensi zinakusaidia kuipata. Kipimo huipunguza ziada hiyo, kisha huangalia kama ubongo utaweza kuziba pengo. Ni kama kusoma barua iliyolowa maji. Unaimaliza kwa sababu unaijua lugha ya aliyeiandika.

Na hapo ndipo lahaja inapoingia. Ubongo huziba pengo kwa sauti na maneno uliyoyazoea. Ukichuja sauti za juu, konsonanti kama s, sh na f ndizo zinazoumia kwanza, kwa kuwa nguvu zake ziko huko juu. Mtoto ambaye nyumbani kwao shule ni "sule" hana akiba ileile ya kuzibia pengo aliyo nayo mtoto wa Mombasa. Kwa Waganda, l na r hugeuka kufuatana na irabu iliyotangulia, na kwa Wanyankole r imetawala karibu kila mahali, kwa hiyo mtoto wa huku anaweza kuambiwa kula na kura, au mahali na mahari, akaona ni neno moja. Ukiyasema ndani ya sentensi, chumbani pakiwa kimya, hana shida hata kidogo. Ukiyasema moja moja, yamechujwa, kwa sauti ya mtu asiyemjua, anashindwa. Fomu haina nafasi ya kueleza ameshindwa kwa nini.

Ndiyo sababu mzazi na mpimaji wanaweza kutofautiana na wote wakawa wanasema kweli. Mzazi anamwona mtoto akielewa kila kitu jikoni. Mpimaji anaona alama za chini. Katika mazungumzo ya kawaida tofauti ya lahaja haimgharimu mtoto kitu, kwa sababu ziada ipo tele. Kipimo kimeiondoa ile ziada, na gharama yote inaonekana kwa pamoja.

Jambo hili si letu peke yetu. Mwaka 2007 Piers Dawes na Dorothy Bishop walichapisha matokeo ya watoto wa Uingereza waliopimwa kwa kipimo cha Marekani kiitwacho SCAN-C. Hawa ni watoto waliozaliwa ndani ya Kiingereza. Hata hivyo, katika sehemu ya maneno yaliyochujwa na ile ya maneno ndani ya kelele, alama zao zilikuwa chini ukizilinganisha na viwango vya Marekani, na waandishi waliona lafudhi ya sauti iliyorekodiwa kuwa sababu. Huko Australia, Sharon Cameron na Harvey Dillon walipotengeneza kipimo chao cha sentensi ndani ya kelele, LiSN-S, hawakuwapelekea Wamarekani rekodi zao wakaridhika. Toleo la Amerika Kaskazini lilirekodiwa upya, kwa wasemaji wa huko. Kama Kiingereza cha Sydney hakimtoshi mtoto wa Chicago, mimi sioni kwa nini rekodi ya Kimarekani imtoshe mtoto wa Kyangwali, ambaye Kiingereza ni lugha yake ya tatu au ya nne, na anachokisikia shuleni ni Kiingereza cha mwalimu wa Kiganda ambamo cat na cut vinatamkwa karibu sawa.

Kwa hiyo watu wema husema: basi tafsirini kwa Kiswahili. Nimeshiriki kazi hiyo, na nasema kutafsiri peke yake hakutoshi. Chukua kipimo cha Jack Katz cha mwaka 1962, kinachotumia maneno ya Kiingereza yenye sehemu mbili zinazokaziwa kwa nguvu sawa. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho. Maneno ya namna ile hatuna, na ukijaribu kuyatunga yatasikika kama mtu anayemwita mtu mbali. Orodha ya maneno mafupi ya Kiingereza nayo inageuka kuwa orodha ya maneno ya silabi mbili, tatu na hata nne, yaani ziada inarudi kwa mlango wa nyuma na kipimo kinakuwa chepesi mno. Namba ndizo zinazovuka salama zaidi, kwa kuwa zetu zina urefu sawa. Kwa Luganda hata hilo halipo: emu na bbiri ni fupi, mukaaga na musanvu ni ndefu.

Lakini hata namba, Kiswahili cha nani? Nilikaa na mvulana mmoja wa Kivu, wa umri wa miaka tisa hivi, kwenye kliniki ambayo sitaitaja. Sauti ya kwenye hedifoni ilikuwa ya mwanamke mwenye Kiswahili sanifu, kizuri kama cha taarifa ya habari. Mvulana alikuwa akijibu haraka, bila wasiwasi. Alisema "moya". Alisema "ine". Alisema "munane", silabi tatu mahali pa mbili, kwa sababu ndivyo nane inavyoitwa kwao. Tisa ilipokuja alisita, halafu akasema "kenda". Muuguzi aliyekuwa akiweka alama, msichana makini kutoka Ankole, aliinua kalamu kila mara akaniangalia. Fomu yake ilikuwa na visanduku viwili: sahihi, si sahihi. Neno "kenda" halikuwamo popote.

Ukitafakari jibu hilo utaona kwamba mtoto alifanya kazi kubwa kuliko tuliyomtuma. Alisikia tisa katikati ya namba nyingine, akaielewa, akaigeuza kuwa namba ya nyumbani, akaitoa. Hiyo ni dalili ya ubongo unaochakata vizuri. Kwa mujibu wa fomu ni kosa. Na muda alioutumia kugeuza ulimfanya apoteze namba iliyokuwa inasubiri upande wa pili, kwa hiyo kosa moja likazaa la pili.

Mama yake alikuwa ameketi nyuma yetu na mtoto mchanga mgongoni. Tulipotoka aliniambia, "Mwalimu, uyu mutoto anasikiyaka muzuri. Ni ule mutu wa mu mashini njo anasemaka ya kwake." Nilimjibu, "Mama, ni kweli," nikaahidi kumweleza mtaalamu. Naye mtaalamu, kwa heshima yake, alisikiliza. Wataalamu wa usikivu Uganda ni wachache mno, wana foleni ndefu, na hakuna hata mmoja niliyekutana naye aliyetaka kumbandika mtoto ugonjwa asio nao. Wanatumia kilichopo kabatini.

Hapo kuna masikio mawili ya kuhofia, si moja. La kwanza ni la mtoto, linalosikia sauti ya kigeni. La pili ni la mpimaji, linalosikia jibu la mtoto kwa lafudhi ya kigeni. Mtoto akisema "kura" baada ya kusikia kula, huwezi kujua kama alisikia vibaya au alisikia vizuri akatamka kwa ulimi wa kwao. Dawa ya hili la pili ni rahisi na haihitaji fedha za wafadhili: mtoto aonyeshe picha kwa kidole badala ya kurudia neno, au matamshi yanayokubalika yaandikwe kabla ya kuanza, moya, ine, munane, kenda, ili muuguzi asiwe na haja ya kumtazama mkalimani usoni.

Sasa niseme upande wa pili, maana nimeona madhara yake zaidi ya hayo. Tukishajua kwamba lahaja inaharibu vipimo, inakuwa rahisi sana kuilaumu kwa kila kitu. "Ni Mkongo, hajui lugha." Sentensi hiyo nimeisikia kwenye vyumba vya walimu hadi nimeichoka. Kuna msichana niliyemfuatilia ambaye aliambiwa hivyo tangu darasa la kwanza hadi la nne. Sera ya Uganda tangu 2007 ni kufundisha madarasa ya mwanzo kwa lugha ya eneo, kisha Kiingereza kinachukua nafasi darasa la nne. Kwake hiyo lugha ya eneo ilikuwa ngeni kama Kiingereza, kwa hiyo kila mwalimu alikuwa na maelezo tayari. Mlio wa hedifoni aliusikia vizuri. Kesi ikafungwa.

Nilipokwenda kwao niliona jambo ambalo kipimo hakikuweza kulionyesha. Bibi yake alimwagiza, kwa Kiswahili chao cha Kivu, alete sufuria na chumvi kutoka kwa jirani. Redio ilikuwa imezimwa, na msichana alienda akaleta vyote. Baadaye redio ikawashwa, wadogo zake wakaanza kucheza mlangoni, na bibi yuleyule, kwa lahaja ileile, akamwagiza vitu viwili vingine. Msichana alisimama. Alimtazama bibi mdomoni. Akaenda, akarudi na kimoja, akauliza cha pili ni nini. Bibi alisema ndivyo alivyo, tangu mdogo, watu wakiwa wengi "anapoteya". Shida yake ilimfuata hadi ndani ya lahaja yake mwenyewe, na lahaja haiwezi kubeba lawama hiyo.

Nikiulizwa na mzazi au mwalimu nini cha kutazama, hicho ndicho ninachosema kwanza. Mtoto anayekwama shuleni tu, kwa lugha ya shule, msaidie kwanza lugha. Mtoto anayekwama nyumbani kwa lugha ya mama yake mara tu kelele inapoanza, mpeleke akapimwe, na usikubali kuambiwa ni ukimbizi.

Kwenye vipimo vyenyewe kuna njia za kupunguza uzito wa lahaja. Njia ninayoiamini zaidi ni kumlinganisha mtoto na yeye mwenyewe. LiSN-S inafanya hivyo kwa ustadi: sentensi za aina ileile zinasikika mara kelele ikitoka mbele pamoja na msemaji, mara kelele ikitoka pembeni, kisha alama moja inatolewa kwenye nyingine. Ugeni wa lugha uko pande zote mbili za hesabu, kwa hiyo unafutika kwa kiasi kikubwa, na kinachobaki ni uwezo wa mtoto kutumia mwelekeo wa sauti. Kipimo cha namba nacho kinatoa nafasi kama hiyo. Lahaja ngeni inashusha masikio yote mawili. Kwa watoto wengi sikio la kulia hushinda kidogo kwa maneno, na pengo hupungua wanavyokua. Ukiona masikio yote yako chini karibu sawa, shuku lugha kwanza. Ukiona moja limeachwa mbali sana na lenzake, kuna jambo jingine.

Vipo pia vipimo visivyo na maneno. Mtoto anapigiwa milio mitatu, mingine ya hezi 880 na mingine ya hezi 1122, aseme mpangilio wake, juu, juu, chini. Akikosa maneno ya kusema, aiimbe kwa pua. Vipimo hivi ni vya thamani kubwa kwetu na ningependa wapimaji waanze navyo kila mahali. Lakini haviwezi kujibu kila swali, kwa sababu malalamiko ya mtoto ni kuhusu maneno, na mahali fulani lazima umpime kwa maneno.

Afrika Kusini wamejaribu njia ya kati. Mwaka 2016 De Wet Swanepoel na wenzake walizindua kipimo cha simu, hearZA, cha namba za Kiingereza ndani ya kelele, wakitegemea kwamba hata anayezungumza Kizulu au Kitswana anazijua namba za Kiingereza. Kwa sehemu kubwa walikuwa sahihi. Lakini utafiti wao wenyewe ulionyesha kwamba wasiokimudu Kiingereza vizuri walihitaji namba zizidi kelele zaidi ndipo wazisikie, ikabidi kiwango cha kufaulu kizingatie hilo. Nawaheshimu kwa kulipima jambo hilo badala ya kulidharau.

Kwetu, hatua ya kwanza ni sauti. Mimi na walimu wenzangu kutoka Kivu na Ituri tumeanza kurekodi namba, jioni, baada ya watoto kuondoka, kwenye chumba cha kuhifadhia magodoro kwa sababu magodoro humeza mwangwi. Mvua ikigonga mabati tunaacha. Hatujifanyi kuwa maabara: bila kuwapima watoto wengi wasio na tatizo, wa kila umri, rekodi hizo si kipimo kamili, na hilo ni jukumu la vyuo vikuu vyetu na wizara. Lakini zinamwezesha mtaalamu kulinganisha alama za mtoto kwa sauti sanifu na alama zake kwa sauti ya kwao.

Na kwenye fomu ninayoijaza kama mkalimani nimeongeza mistari: sauti ya kipimo ni ya wapi, mtoto anasema Kiswahili cha wapi, nani aliweka alama, matamshi gani yalihesabiwa sahihi, chumba kilikuwa na kelele gani. Kuijaza hakuchukui muda, na mtaalamu atakayeifungua miaka miwili baadaye atajua alama zile zilipatikanaje.

Yule mvulana aliporudiwa kwa sauti ya mwalimu wa Kivu, masikio yote mawili yalipanda pamoja, na mtaalamu aliandika kwamba haoni tatizo la uchakataji. Yule msichana naye, alipopimwa namba kwa sauti sanifu kisha kwa sauti ya kwao, alipanda upande wa kulia tu. Wa kushoto ulibaki ulipokuwa. Sasa anakaa mstari wa mbele, mbali na dirisha la uwanjani, mwalimu wake anamwagiza jambo moja moja akimtazama usoni, na amepewa rufaa ya Kampala kwa vipimo vya mpangilio wa milio ambavyo huku kwetu bado havipo.